Kipimo na Mwanzo Wake

Kila kipimo kina mwanzo wake, na kipimo kisichojulikana mwanzo wake ni neno tupu, hata kikisomwa na mtu mwenye macho makali juu ya chombo cha thamani kubwa. Waswahili wanalijua jambo hili kuliko watu wengi, walakini wanalijua kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani: hupita bila ya kujigonga, wala hana haja ya kueleza mlango uko wapi. Ushahidi uko katika saa. Mshale wa saa ukionyesha tarakimu ya saba asubuhi, Mswahili husema ni saa moja. Ukionyesha ya kumi, husema ni saa nne. Hasemi uongo, wala saa yake haikuharibika. Yeye amechagua kuhesabu tangu mapambazuko, na aliyeiunda saa alichagua kuhesabu tangu usiku wa manane. Siku ni ile ile. Mianzo ni mbalimbali. Maadamu wanaozungumza wamekubaliana juu ya mwanzo, hapana msafiri achelewaye. Wasipokubaliana, chombo hung'oa nanga na abiria akabaki pwani na mzigo wake.

Jambo la saa halimtishi mtu kwa kuwa limezoeleka. Liko jingine la ukoo ule ule ambalo halikuzoeleka, nalo ni jambo la kimo cha ndege angani. Mfano wake mmoja ulitokea Kibiti, katika ndege ambayo haikuwako, juu ya delta iliyoko.

Kibiti ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na ni makao ya wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rufiji. Mashariki yake ardhi huteremka polepole mpaka kwenye delta, mahali ambapo mto Rufiji hugawanyika matawi mengi na kuingia baharini katikati ya mikoko. Misitu ya mikoko ya hapo ndiyo mikubwa kuliko yote iliyo mahali pamoja katika Afrika ya Mashariki. Ng'ambo yake, baharini, kipo kisiwa cha Mafia. Katika mji huu alikuwako kijana mmoja aliyefanya kazi katika duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Tangu utoto alitamani urubani, na kwa kuwa ada ya chuo cha urubani ilikuwa mbali na uwezo wa wazazi wake kama mbingu ilivyo mbali na nchi, alijifunza kwa njia iliyokuwa karibu naye. Duka likifungwa usiku, alibaki na kompyuta moja, akarusha ndege ya kuigiza.

Huenda wengine wakaudharau mchezo huu, lakini si mchezo wa watoto. Programu za kuigiza urukaji huonyesha viwanja vya kweli, saa zote zilizo mbele ya rubani, upepo, mawingu na mvua. Zaidi ya hayo, iko mitandao ya intaneti inayowaunganisha warukaji wa dunia nzima katika anga moja la kuwazia. Mmoja wao, VATSIM, ulianzishwa mwaka 2001. Mtu mmoja hurusha ndege yake akiwa Kibiti, wa pili akiwa Nairobi, na wa tatu huketi Tanga akawa mwongozaji wa anga la Dar es Salaam, akiziona ndege zote kama nukta juu ya kioo chake, kila nukta na tarakimu za kimo chake. Hapana mshahara wala abiria atakayekufa. Hata hivyo sheria zinazofuatwa ni zile zile za marubani wa kweli, na waliomo huona haya kuzivunja kama mcheza bao aonavyo haya kuiba kete.

Mwongozaji wa usiku ule alikuwa kijana wa Tanga ambaye kijana wa Kibiti hakupata kumwona kwa macho, lakini alikuwa rafiki yake wa mwaka mzima kwa sauti na maandishi. Kijana wa Kibiti aliondoka Dar es Salaam kwenda Mafia. Alipewa kimo cha futi 5,000, akapewa na mgandamizo wa hewa wa kutegea altimeta yake: 1014. Akaitika, akazungusha kifundo mpaka 1014, akapanda, akatulia kwenye 5,000 barabara. Chini yake mikoko ya delta ilionekana nyeusi, na matawi ya mto yaling'aa katikati yake.

Baada ya muda mfupi mwongozaji alimwambia kwamba kioo kinaonyesha futi 4,700, wala si 5,000. Kijana akatazama altimeta yake: 5,000. Akajibu hivyo. Mwongozaji akarudia. Wakati huo ndege nyingine ilikuwa ikitoka Mafia kuja upande wa pili kwa kimo cha futi 4,000. Nafasi baina yao ilipasa kuwa futi 1,000, na kwa kadiri ya kioo zilibaki 700 tu. Mwongozaji akamwandikia pembeni kwa Kiswahili, "Ndugu yangu, panda. Uko chini."

Naye akaandika, "Nimetega 1014 kama ulivyonipa. Niko 5,000. Tazama kioo chako."

"Kioo changu kinaonyesha wengine wote sawasawa. Wewe peke yako ndiwe uliye chini."

Ndege ya pili ikaondolewa njiani kwa taabu, na mwongozaji akamwambia kwamba asiporekebisha kimo chake atamtoa katika anga lake. Kijana aliona ametukanwa. Alikuwa ametii kila neno, ameitika kila tarakimu, na sasa anaambiwa muasi. Akazima kompyuta pasipo kuaga, na majuma mawili yakapita hawasemezani.

Kwa hakika hapana aliyekuwa mwongo kati yao. Ili kulifahamu hilo, yafaa kwanza ijulikane altimeta ni kitu gani.

Altimeta haipimi kimo. Jina lake ladai hivyo, lakini ipimacho ni uzito wa hewa. Ndani yake mna vikopo vyembamba vya madini vilivyotolewa hewa. Hewa ya nje ikivigandamiza hunywea, ikipungua hutanuka, na kutanuka huko hupelekwa kwenye mshale. Kwa kuwa hewa hupungua uzito kadiri mtu apandavyo, mshale huandikiwa futi badala ya mgandamizo. Karibu na usawa wa bahari, kila hektopaskali moja ni sawa na futi kama 27. Lakini hewa ya mahali pamoja haina uzito mmoja siku zote. Kwa hiyo chombo kimewekewa kifundo, ili rubani akiambie: leo, hapa, uzito wa hewa kwenye usawa wa bahari ni huu, anza kuhesabu hapa. Marubani wa dunia huuita mgandamizo huo kwa herufi tatu, QNH. Altimeta isiyoambiwa mwanzo huo hufanya hesabu sahihi kwa msingi mbovu. Wala haionyeshi haya. Mshale wake husimama imara juu ya kosa kama usimamavyo juu ya kweli.

Katika nchi za ikweta hewa nayo ina kujaa na kupwa. Bahari huvutwa zaidi na mwezi. Hewa huamshwa na joto la jua. Kila siku mgandamizo hupanda mara mbili na kushuka mara mbili: hujaa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, hupwa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Tofauti yake ni hektopaskali kama 3. Ndege iliyoegeshwa Kilindoni asubuhi, altimeta yake ikategwa vizuri, ikikaa pale pale mpaka alasiri bila ya kusogea hata shubiri, yaweza kuonyesha kwamba imepanda futi 80, yaani kimo cha mnazi mrefu. Watu wa delta, ambao husafiri, huvua na hulima mpunga kwa kufuata maji, wangeweza kulielewa jambo hili mara moja, lau wangeambiwa kwamba juu ya vichwa vyao iko bahari ya pili.

Kijana hakuambiwa hivyo na kitabu. Aliambiwa na babu yake, ambaye hakupata kupanda ndege maisha yake yote. Babu huyu alikuwa nahodha wa mashua, akakaa Nyamisati, bandari ambako vyombo huondoka kwenda Mafia. Siku moja ya mapumziko mjukuu alimwendea, akamkuta ametia kalafati katika mbao za mashua iliyopandishwa nchi kavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Uso huo umeuokota wapi?"

Kijana akamsimulia kisa chote, akaeleza altimeta na kioo na tarakimu kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza. Mzee alisikiliza huku mkono wake ukiendelea kushindilia pamba katika ufa. Alipokwisha, mzee akamnyoshea upondo uliokuwa umeegemezwa pale.

"Nenda ukapime maji pale gatini."

Kijana akaenda, akapima, akarudi. "Pima mbili kasoro, babu."

"Mimi nilipima pale pale alfajiri, nikapata tatu na zaidi. Mwongo ni nani?"

"Hapana mwongo, babu. Maji yamepwa, na leo ni bamvua."

"Mwaka ule wa mafuriko," akasema mzee, "mashamba yalipozama, mtu mmoja alileta habari kwamba maji yamefika kiunoni. Wakaenda wenye mtumbwi mdogo, wakakuta ni maji ya kupita kichwa. Yule mleta habari alikuwa amesimama juu ya tuta. Alisema kweli; alisahau kusema amesimama wapi." Akaweka nyundo chini. "Sasa wewe na mwenzio mmegombana juu ya kina cha maji. Nani aliyewaambia kwamba mlikuwa katika bahari moja?"

Kijana hakuwa na jibu. Alirudi Kibiti, usiku akafungua kompyuta, na badala ya kuitazama altimeta yake akaitazama hewa yake. Hapo akaona. Siku moja kabla ya safari ile alikuwa amejizoeza kutua katika dhoruba. Alikuwa akikumbuka Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia mwanzoni mwa mwezi wa Mei, mwaka 2024, mara tu baada ya mafuriko ya Aprili yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Akataka kujua rubani angeona nini katika hali kama ile. Ajili ya zoezi hilo alijitengenezea hewa yake mwenyewe, yenye mgandamizo wa 1002. Kesho yake, kabla ya kuingia mtandaoni, alifuta mawingu, akafuta mvua, akatuliza upepo. Mgandamizo aliusahau, kwa kuwa mgandamizo hauonekani. Alipoambiwa atege 1014 alitii, lakini alitega mwanzo wa anga la wenziwe akiwa ndani ya anga lake. Hektopaskali 12 zikapotea baina ya anga mbili, na kila moja na futi zake 27. Jumla yake ni futi 324. Ndiyo maana mshale wake ulisema 5,000 na kioo kikasema 4,700. Utii wake wenyewe ndio uliomshusha.

Hapa ndipo urukaji wa kuigiza unapoachana na urukaji wa kweli. Rubani wa kweli hana ruhusa ya kuchagua anga. Hewa iliyo juu ya Simba Uranga ni moja kwa wote wapitao, na akikosea, amekosea kifundo tu. Lakini katika mtandao kila mtu hubeba mbingu yake ndani ya kompyuta yake. Mmoja huletewa hali ya hewa ya saa ile kwa intaneti. Wa pili, ambaye fedha yake ya intaneti ni haba, hutumia ile aliyoihifadhi jana. Wa tatu huchagua siku njema isiyo na wingu, apendavyo. Wote huonekana juu ya kioo kimoja, wakasemezana kwa lugha moja, wakadhani wako pamoja. Kila chombo kwa wimbile, walisema wahenga. Na vyombo hivi kila kimoja kina hata bahari yake.

Delta hii ilipata kufunzwa somo la namna hiyo zamani, tena kwa damu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ambayo wenyeji waliiita manowari ya bomba tatu kwa sababu ya mabomba yake ya moshi, iliipiga manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja na kuiangamiza, kisha ikaenda kujificha katika matawi ya Rufiji. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata katika maji mafupi. Hatimaye zikaletwa mbili zilizoundwa kwa maji ya mito, Severn na Mersey, na ndege zikawekwa Mafia. Wapiga mizinga hawakuweza kuiona shabaha yao nyuma ya mikoko. Macho yao yalikuwa angani, kwa mtazamaji aliyepeleka kwa simu ya upepo habari za mahali ilipoanguka kila kombora. Wenyeji wa delta, ambao vita haikuwa yao, walisikia ngurumo tu juu ya mashamba yao.

Tarehe 6 Julai 1915 manowari zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Mtazamaji aliona makombora yakianguka, akapeleka alichokiona. Lakini hakuweza kupambanua lipi la Severn na lipi la Mersey. Sahihisho lililokuwa dawa kwa moja likawa sumu kwa nyingine, na siku ikaisha Königsberg ingali inaelea. Tarehe 11 Julai walirudi, na safari hii walikubaliana kupiga kwa zamu. Ndege ya rubani Cull na mtazamaji Arnold ilipigwa, ikawa inashuka, na Arnold akaendelea kupeleka masahihisho mpaka walipoangukia mtoni wakaokolewa. Siku ile ndiyo Königsberg ilipoangamia. Ushujaa wa Arnold husifiwa, na wastahili. Walakini Julai 6 nayo hawakukosa ushujaa wala macho. Walichokosa ni kujua kila neno linahesabiwa tangu mzinga upi.

Basi watu walio katika anga la kuwazia wafanye nini ili wasipoteane? Dawa ya asili ni moja: wote watumie hali ya hewa itokayo chemchemi moja, yaani ile ya mtandao wenyewe, na kila mtu aithibitishe kabla ya kuwasha injini, si baada ya kugombana. Asiyeweza kuipata, hapana budi aujue mgandamizo wa hewa yake mwenyewe na amwambie mwongozaji. Tena tarakimu zitajwe zote, na pamoja nazo kipimo chake, kwa maana dunia haikukubaliana juu ya hilo pia. Wamarekani hupima mgandamizo kwa inchi za zebaki, na nchi nyingi nyingine kwa hektopaskali. Mgandamizo wa kawaida wa dunia, 1013.25, kwa inchi ni 29.92. Mtu akiambiwa 992 za hektopaskali, akasikia 2992 za inchi, atatega altimeta yake juu kwa hektopaskali 21, na ndege yake itakuwa chini ya vile aonavyo kwa futi zinazokaribia 600. Kosa hili si la mchezo. Huwajia hata marubani wa kweli wanaokaribia kutua gizani.

Ikitokea kwamba kioo na mshale havikubaliani, mashindano hayafai. Rubani aseme asomacho pamoja na mwanzo wake: "Nasoma futi 5,000 kwa 1014." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyokosekana usiku ule. Kisha atazame kifundo, baada ya kifundo atazame hewa yake. Mwongozaji naye asianze kwa hukumu. Aulize, "Umetega ngapi, na hewa yako ni ipi?", na mpaka ajibiwe azipanulie ndege nafasi, kwa kuwa nukta asiyoijua mwanzo wake ni nukta asiyoijua ilipo.

Iko njia ya mkato ambayo wengi huijua, nayo inataka kufikiriwa. Kijana wa Kibiti angaliweza kuzungusha kifundo mpaka 1002, mgandamizo wa hewa yake, akapanda mpaka mshale useme 5,000. Papo hapo kioo cha Tanga kingalisema 5,000 pia, na ugomvi ungalikwisha. Njia hiyo si uovu. Kwa dakika chache, ndege nyingine ikiwa mbele, yaweza kuwa ndiyo salama zaidi, mradi aitangaze. Lakini ikifanywa kimyakimya ikawa desturi, huufunza mkono kulidharau neno la mwongozaji na kuipenda tarakimu impendezayo mkaguzi. Anayetumaini siku moja kubeba watu wa kweli kwenda Mafia hawezi kuipa mikono yake elimu mbili. Mkono hausahau kama akili isahauvyo.

Ndege zikipanda juu zaidi hubadili shauri. Kupita kimo fulani kilichowekwa na kila nchi, marubani wote huacha mgandamizo wa mahali, wakatega 1013, wawe juu ya Rufiji au juu ya Uingereza. Huenda 1013 si mgandamizo wa mahali popote walipo. Tena joto nalo huiongopea altimeta: hewa ikiwa na joto la nyuzi 10 kuliko lile lililokisiwa na waundaji, kimo cha kweli huzidi kile kinachosomwa kwa kadiri ya sehemu 4 katika 100, na juu ya nchi za joto ndege isomayo futi 35,000 yaweza kuwa imezidi kwa futi 1,400. Lakini wote huzidi kwa kadiri moja, na watu wakikosea pamoja hawagongani. Huko nako mtandao una mtego wake: kompyuta moja hulihesabu joto hili, nyingine hailihesabu, na ndege mbili zilizotega 1013 kwa unyofu zikaonekana zimepishana kimo. Dawa ni ile ile: kioo kipelekewe kile rubani anachosoma kwa 1013, wala si kimo cha kweli ambacho hapana rubani akisomaye.

Kwa hiyo zipo hekima mbili za kipimo, moja kwa kila sehemu ya anga. Juu, ambako hakuna wa kugongana nao ila wasafiri wenzao, yatosha watu kupatana, hata kama walichopatana si kweli kamili. Chini mapatano hayatoshi. Hutakiwa kweli, kwa sababu ardhi haikuhudhuria baraza lao. Milima ya Uluguru, ipitayo mita 2,600, haina kifundo cha kuzungusha, wala haimsamehe rubani kwa sababu wenziwe wote wamekosea kama yeye. Mtu ajuaye mpaka baina ya mambo ya kupatana na mambo ya kweli, na akajua wakati wa kuuvuka, ameelimika zaidi ya urubani. Ugomvi mwingi katika mabaraza, na hata katika vyuo, hutoka kwa watu wanaoyapigania ya kupatana kana kwamba ni milima, au wanaopatana juu ya mlima kana kwamba hauko.

Kijana alikaa siku mbili na ugunduzi wake kabla ya kuandika. Haya ilimzuia, kwani kusema "nilikosea" kungalikuwa rahisi kuliko kusema lile lililokuwa kweli, kwamba hakukosea alipodhani na alikosea asipotazama. Mwishowe akamwandikia mwenziwe wa Tanga: "Kaka, hewa yangu ilikuwa 1002. Nilisahau kuiondoa. Wewe ulikuwa sawa, nami nilikuwa nimetega sawa. Tulikuwa katika bahari mbili."

Jibu likaja usiku ule ule: "Nami sikukuuliza. Niliona wewe peke yako ndiwe uliye chini, nikadhani aliye peke yake ndiye mkosaji. Kesho saa tatu usiku?"

Kesho yake aliondoka tena Dar es Salaam kwenda Mafia. Alipopewa mgandamizo aliitika, akatega, kisha akaongeza bila ya kuulizwa kwamba hewa yake ni ya mtandao, ya saa ile. Kioo na mshale vikasema neno moja. Chini yake delta ilikuwa kama ilivyokuwa, na mahali pa Nyamisati hapakuwa na mashua wala mzee, maana waundaji wa programu hawakuwaweka. Bali yeye alijua walipo.

Mzee alipoambiwa kwamba mambo yametengenea, hakushangaa. Aliuliza tu ni saa ngapi walikuwa wamepanga kukutana. Kijana akasema saa tatu ya usiku. "Saa tatu ya Kiswahili," akauliza mzee, "au ya ndege?" Kijana akacheka, kwa kuwa marubani huhesabu kwa saa ya dunia nzima, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika ya Mashariki kwa saa tatu, na katika kitabu chake cha safari aliandika safari ile kwamba imeanza saa 18. Zilikuwa tarakimu mbili zisizofanana hata kidogo, na usiku wao ulikuwa mmoja. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudia kalafati yake, kwa maana maji yalikuwa yameanza kujaa.